"Uko na swali?"

Sisi ni mume na mke kutoka Kivu, tunaishi hapa Nakivale pamoja na watoto wetu wanne. Mwezi huu tunapenda kuwaeleza habari ya swali moja la intavyuu ambalo tulilijibu vibaya.

Baba aliitwa intavyuu ya ulinzi mjini Mbarara. Mwishoni patroni akamuuliza: "Uko na swali?" Baba akajibu: "Hapana, asante." Tulikuwa tumekubaliana hivyo. Tulifikiri mkimbizi akiuliza sana ataonekana mtu wa matata, kazi apewe mwingine. Kumbe mwisho wa mwezi wakakata pesa ya yunifomu na ya chumba alicholala. Alirudi na pesa isiyotosha hata unga wa wiki mbili. Tukagombana, na kosa lilikuwa letu wote wawili.

Mama alipoitwa kwenye jiko la hoteli moja hapa karibu, usiku tulikaa tukaandika maswali kwenye daftari la mtoto:

– Mwezi wa kwanza, ungependa nijifunze nini zaidi?
– Kazi inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi?
– Mshahara unalipwa tarehe gani, na kuna kitu kinachokatwa?
– Siku ya kupumzika ni ipi?
– Tutaandikiana karatasi?

Lile la kwanza lilimfurahisha patroni, akaeleza kazi kwa urefu. Mengine yakafuata polepole. Kuhusu saa akasema: "Mpaka saa nne usiku." Mama ananyonyesha, na njia ya usiku si nzuri. Akaomba zamu ya asubuhi. Patroni akasema atafikiri.

Siku tatu tulijilaumu. Siku ya nne simu ikalia: aje asubuhi. Lakini hata wangekataa, afadhali kujua mapema kuliko kujua mwisho wa mwezi.

Ndugu zetu, sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Sheria ya kazi ya mwaka huo huo inampa mfanyakazi siku ya kupumzika baada ya siku sita, na masharti ya kazi kwa maandishi. Basi tusiogope. Wazee walisema kuuliza si ujinga, nasi tunaongeza: si kiburi pia.