Injini ya Kapata

Kapata, karibu na mji wa Kolwezi nchini Kongo, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, na ukiingia tu unaona: nyumba zimejipanga kwa mistari, kila moja na lupangu lake, yaani ua wake, na karibu kila lupangu na mwembe au mparachichi. Nyuma ya nyumba za mwisho kulikuwa na vilima vya udongo uliotupwa, na nyuma ya vilima mashimo ya Dikuluwe na Mashamba. Mwaka 2004, mwaka ninaousimulia, mashimo hayo yalikuwa yamejaa maji. Ngazi ambazo malori makubwa yalizishuka zamani zilikuwa zimezama. Sisi vijana tulikwenda kuyatazama maji siku za Jumapili, tukirusha mawe na kubishana juu ya kina.

Baba hakwenda hata mara moja. Yeye alikuwa fundi umeme wa pampu. Kazi ya maisha yake ilikuwa kuzuia shimo lisijae.

Shimo la wazi, katika nchi ambako mvua hunyesha kutoka Oktoba hadi Aprili, ni kisima kinachongoja nafasi yake. Maji ya mvua huingia kwa juu, maji ya ardhini hutoka ubavuni, na pampu zisipozunguka usiku na mchana, chimbo linakufa bila mtu yeyote kulifunga. Ndivyo yalivyokufa mengi kwetu. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 hazikufika hata 35,000. Kati ya miaka hiyo miwili mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka, Septemba 1990. Uporaji ukaja mwaka uliofuata. Kisha, 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa, wengi wakiwa mafundi wa daraja la juu, wakalala kwenye stesheni za Kolwezi na Likasi wakingoja treni. Mnamo 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni waliondoka kazini kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Baba alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na sanduku la vifaa, na tabia moja ambayo nitaieleza, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa na kinu cha mahindi. Wanawake walifika na ndoo na meka zao za kupimia tangu alfajiri, wakaondoka na unga wa bukari, yaani ugali. Kinu kiliendeshwa na mota ya umeme, na umeme Kapata tulikuwa nao kwa jina. Hapo ndipo mtu anaweza kucheka akitaka. Mitambo ya Nzilo na Nseke iko papa hapa kwenye mto Lualaba, mmoja tangu 1952, mwingine tangu 1956. Tena Kolwezi ndiko unakoishia mstari mkubwa wa umeme unaotoka Inga, kilomita 1,700, uliomalizika 1982 kwa ajili ya migodi yetu. Na sisi tuliokaa mwisho wa mstari huo tulipika kwa makala, yaani mkaa. Jioni moja volti zikashuka, mota ikanguruma bila kuzunguka, na kabla mtu hajafika kwenye swichi koili zilikuwa zimeungua.

Mama huyo hakulia. Aliuza alichokuwa nacho cha kuuza, akaenda mjini na Baba kununua injini ya gari.

Ilikuwa ya Hilux iliyopinduka kwenye barabara ya Likasi: Toyota 2L ya mazutu, yaani dizeli, silinda nne. Aliyelivunja gari alijua bei ya chuma lakini hakujali nyaya. Alizikata zote kwa msumeno karibu na injini, vikabaki vishungi vya urefu wa vidole viwili, vyeusi kwa oili. Muuzaji alitaka kuuza injini peke yake, sanduku la gia aliweke kwa mteja mwingine. Baba akakataa. Demareri ya injini ile, yaani mota ya kuiwasha, hukaa kwenye nyumba ya klachi. Ukiondoa sanduku la gia na nyumba yake, demareri haina pa kushikilia, na injini haiwezi kuzungushwa. Zaidi ya hapo, gia ya nne ya sanduku lile hupitisha mzunguko moja kwa moja bila kuupunguza, hivyo puli ya kinu ingefungwa nyuma na klachi ingetumika kukitenganisha kinu wakati wa kuwasha. Muuzaji alilalamika sana. Tukaondoka na vyote viwili kwenye mkokoteni.

Kiunzi kilichomelewa na yaya mmoja, yaani kaka, wa mtaa wa pili, kwa vyuma vya U na bomba, siku ambayo umeme ulikubali. Baba alidai mipira ya asili ya kubebea injini irudishwe, kwa sababu injini iliyofungwa chuma kwa chuma hujifungua nati zake yenyewe. Badala ya radieta tuliweka pipa la lita 200, mpira mmoja juu na mwingine chini. Hayo yalikwenda haraka.

Nyaya ndizo zilizochukua muda. Nilikuwa mwanafunzi wa tawi la umeme shuleni, na nilijiona najua. Baba akanipa chaki, akanionyesha ukuta wa jiko. "Mwanangu, chora. Injini hii inaomba umeme wapi?"

Nilichora demareri, alternateri, plagi za kupasha moto, taa, geji, kila kitu nilichokumbuka kutoka kwenye gari. Aliutazama ukuta, akafuta karibu vyote kwa kiganja.

Injini ya mazutu yenye pampu ya aina ile haina cheche. Mafuta huwaka kwa mgandamizo wa hewa. Ikishazunguka, sehemu moja tu inataka umeme ili iendelee: elektrovani, kile kivalvu kidogo kilichopachikwa juu ya pampu ya mafuta. Kikipata volti 12 hufungua njia ya mazutu. Ukikiondolea umeme, springi yake huifunga, na injini inakufa. Baba aligusisha waya kutoka kwenye betri, tukasikia "tik". Akautoa, "tik" tena. Akarudia, akarudia, huku ameinamisha kichwa. Niliona uso wake umelegea, na kwa miezi mingi sikuwa nimeuona hivyo.

"Umesikia? Waya ukikatika, mashine inasimama. Aliyetengeneza hii alikuwa mtu wa akili."

Tabia niliyosema ndiyo hiyo: kufikiria kuzima kabla ya kuwasha. Mafundi wa mtaani waliokuja kutusaidia, wote, walitaka kuanza na demareri. Ni jambo la kawaida: kila mtu ana hamu ya kusikia mngurumo, na demareri ndiyo inayoleta umati. Kuzima huachwa baadaye, na baadaye huwa ni kung'oa waya kwa mkono au kukunja mpira wa mafuta. Baba alifunga kwanza njia ya kuzima. Waya mmoja ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, ukapita kwenye kontaki, yaani swichi ya ufunguo, ukapita kwenye kitufe kikubwa chekundu alichotoka nacho sijui wapi, ndipo ukafika kwenye elektrovani. Kitufe kilifungwa kwenye nguzo ya mlango wa kinu, mbali na mkanda, mahali ambapo mtu anayekimbia angekipiga. Kisha akakata ubao wa ukubwa wa mdomo wa kuingizia hewa, akautundika kwa kamba kando yake. Injini ya mazutu ikianza kunywa oili yake yenyewe haisikii kontaki wala kitufe. Inazidi kukimbia mpaka ipasuke, na dawa yake ni kuinyima hewa. Kwa ubao, alisisitiza. Mkono au kitambaa hunyonywa ndani.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kuzungumza juu ya kuwasha. Waya mnene kutoka chanya ya betri hadi kwenye demareri. Mwingine mnene vile vile kutoka hasi hadi kwenye mwili wa injini wenyewe. Yaya wa kuchomelea alitaka kuufunga kwenye kiunzi, kwa kuwa kilikuwa karibu. Lakini injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme: demareri ingeomba mamia ya ampea, na ampea hizo zingetafuta njia kupitia kebo ya mafuta au kitu kingine chembamba, zikakichoma. Kwa waya mdogo wa kuamsha demareri tuliweka kitufe cha kawaida.

Alternateri ilitaka uangalifu wa aina yake. Kwenye Toyota hizo, nyuma ya alternateri kuna pampu ya kunyonya hewa kwa ajili ya breki, na pampu hiyo hunyweshwa oili ya injini kwa kimpira, kisha oili hurudi kwa kimpira kingine. Mvunja gari alikuwa amevikata vyote viwili. Kinu hakina breki, kwa hiyo ungeweza kudhani havina kazi. Lakini ukiziba njia ya oili pampu inakauka na kukwama, na ukiiacha wazi injini inajimwagia oili yote sakafuni. Tuliviunganisha upya. Kwa upande wa nyaya, ule mdogo wenye herufi IG lazima upate umeme kutoka kwenye kontaki, la sivyo alternateri inazunguka tu bila kuchaji. Baba alikuwa amezoea alternateri za Bosch kwenye malori, ambako balbu ya kwenye dashibodi ndiyo inayopitisha umeme wa kuiamsha, akabaki akiiangalia hii ya Kijapani kwa heshima kidogo na mashaka kidogo.

Kisanduku cha kupashia plagi hakikuwepo. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi ya kweli, hivyo plagi zilihitajika. Shida ni kwamba plagi za injini hizo ni za aina tofauti, na baadhi haziwezi kuvumilia volti 12 kamili kwa muda. Alifungua moja, akasoma namba zilizogongwa ubavuni, akaenda mjini kununua nne za volti 12, akaziwekea relei na kitufe cha kushikilia kwa kidole. Kwa kushikilia, sio swichi ya kuacha: kidole kikichoka, plagi zinapumzika.

Kilichomkera mpaka mwisho ni swichi ya oili. Alitaka injini ijizime yenyewe oili ikikosa nguvu, kama pampu za shimoni zilivyojizima. Aliweka relei iliyokata umeme wa elektrovani pindi swichi hiyo inapofunga, na kitufe cha kuipita wakati wa kuwasha, maana injini iliyolala haina nguvu ya oili. Ilifanya kazi vizuri. Lakini swichi ya gari hufunga kwenye mwili wa injini pale oili inapokosekana. Maana yake waya wake ukikatika, relei haijui lolote, na injini inaendelea kukimbia ikidhani mambo ni salama. Kinyume kabisa cha elektrovani. Aliuzungukia ukuta ule wa chaki jioni nzima. Mwishowe aliweka balbu sambamba na relei, akamfundisha mwenye kinu sheria moja: ukifungua kontaki kabla ya kuwasha, balbu iwake. Isipowaka, usiguse demareri, niite.

Siku ya kuwasha lupangu lilijaa. Watoto walipanda juu ya mwembe. Tulilegeza nati za mafuta kwenye pua za kupulizia, tukapiga pampu ya mkono ya filta mpaka hewa ikatoka na mazutu yakaja bila povu.

"Baba, hii kintu itawaka kweli?" mwenye kinu akauliza.

"Itawaka, mama. Lakini kwanza ijue kusimama."

Akambonyezesha yeye mwenyewe kitufe chekundu, injini ikiwa kimya na Baba ameshikilia kile kitufe cha kuipita relei ya oili, asikie "tik". Kisha plagi, kisha demareri. Ilikohoa moshi mweupe, ikashika, ikatulia. Umati ukapiga kelele. Kabla kelele hazijaisha Baba akapiga kitufe chekundu, injini ikafa, na watu wakaguna kwa hasira kana kwamba amewanyang'anya chakula. Aliiwasha na kuizima vile tena na tena, mbele ya uso wa mwenye kinu, mpaka mama akaweza peke yake, huku baadhi ya watu wakiondoka kwa kuchoshwa.

Kinu kiliendelea kusaga kwa injini ile kwa miaka. Baba alifariki nikiwa mjini kikazi. Mkataba wa Sicomines, ubia wa Gécamines na makampuni ya Kichina, ulitiwa saini 2008, Mashamba Magharibi na Dikuluwe yakawa ya ubia huo, na maji yakatolewa kwa pampu ambazo Baba angependa kuziona.

Sasa injini za namna ile ziko kila mahali mkoani Lualaba. Wachimbaji wadogo huzifunga juu ya viunzi kuvuta maji kwenye visima vyao vya kobalti, na mara nyingi nikisimama kutazama naona nyaya mbili zilizosokotwa badala ya kontaki, mkanda usio na kizuizi, na hakuna kitu cha kuzimia. Ndugu yangu unayefanya kazi hiyo: kabla hujaunganisha demareri, peleka waya wa elektrovani kwenye kitufe kilicho mbali na mkanda, weka ubao karibu na mdomo wa hewa, na mfundishe mtu wa pili kuvitumia vyote viwili.