Bilinganya Niliyoipigia Nyota

Nauza pembejeo Kagongwa, jirani na mashine za mpunga, na nilimtia hasara mteja kwa ujuaji wangu.

Mama huyo alitaka mbegu ya bilinganya ndefu nyembamba, zile zenye asili ya India, si ngogwe zetu. Akauliza apande wapi: bondeni alikotoka kuvuna nyanya, au kule juu palipokuwa na mahindi. Nikajifanya mnajimu. Ukanda huu wa dhahabu wapo wachimbaji wasioshuka duarani bila kutazamiwa nyota, nami nilikuwa nimedokoa hesabu ya abjadi kwa wazee: kila herufi ina namba yake, unajumlisha jina la mtu na la mama yake, unagawa kwa 12, baki ndiyo nyota. Bilinganya haina mama. Hapo nikaparuka. Nikaandika jina kwa herufi za shuleni, A moja, B mbili, nikapata 94. Baki 10: Jadi, nyota ya udongo.

"Bondeni, mama. Hii yapenda udongo mzito."

Alirudi na mche ulionyauka majani yakiwa bado kijani. Nikamwambia ni wadudu, nikamuuzia dawa. Alipoondoka nikakata shina, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe kama maziwa ukateremka polepole kutoka pale nilipokata. Mnyauko wa bakteria. Unakaa udongoni, unashika nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo, maana yote ni mimea ya ukoo mmoja, na ukishaingia kwenye mche hakuna dawa ya kuuponya. Yeye alishanitajia nyanya kabla hata sijashika kalamu!

Baadaye mzee anayeijua abjadi alinicheka. Inahesabiwa kwa herufi za Kiarabu, si ABC. Badhinjani, yaani bilinganya kwa Kiarabu, ni 807, baki 3: Jauza, nyota ya upepo. Kwa hesabu hiyo ningempeleka juu, kwenye mahindi, na bilinganya zingepona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningepatia kwa bahati, nikajiita bingwa, na mteja wa pili angekuja kuumia.

Nilimfuata yule mama nyumbani, nikamweleza yote, nikamrudishia fedha ya dawa. Nikampa na mbegu ya mahindi ya kupanda bondeni, kwani mahindi hayashikwi na mnyauko huo. Akaipokea, akaipima mkononi, akaniuliza kama nayo nimeipigia nyota.