Hukumu ya Giaboksi

Kitu kikiharibika, mambo mawili hutafutwa: kasoro na mkosa. Kasoro hutafutwa kwa kipimo, na mkosa hutafutwa kwa hasira. Aghalabu hasira hutangulia kufika, ikaketi mahali pa kipimo, ikakata shauri kabla ya shahidi hata mmoja kusikilizwa. Habari ya mzee mmoja wa Dar es Salaam na gari lake yatosha kuwa mfano.

Mzee huyo alikuwa karani aliyestaafu. Kwa akiba ya miaka mingi alinunua gari la otomatiki lililokwisha kutumika Japani, nchi ambayo magari yake, kama yale ya Tanzania, hupita upande wa kushoto wa njia. Mpwa wake, kijana aliyekaa kwake, aliliendesha kama teksi. Mapato yake yalilipa karo ya kijana na dawa za mzee. Kwa hiyo nyumba nzima ilisimama juu ya magurudumu manne.

Siku moja ya masika gari lilikataa kubadili gia. Taa ya onyo iliwaka, injini ilinguruma sana na mwendo ukawa mdogo, na kila lilipoondoka liliondoka kwa uzito kama punda aliyeelemewa. Fundi wa jirani aliitwa. Alisikiliza kwa dakika chache, akatikisa kichwa, akasema kuwa giaboksi imekufa, na kwamba giaboksi hufa hivyo ikipata dereva mwenye pupa. Neno hilo moja lilitosha. Mzee alimgeukia mpwa wake, akamnyang'anya ufunguo mbele ya majirani.

"Mjomba, sikulitesa gari," kijana alisema, kisha akanyamaza. Usiku ule alifunga nguo zake, akaenda kulala kwa rafiki.

Yafaa kueleza giaboksi ya namna hii hufanyaje kazi. Ya kwanza kutengenezwa kwa wingi iliitwa Hydra-Matic. Ilitokea Marekani mwaka 1939, katika magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940. Ndani yake shauri la kupanda au kushuka gia lilikatwa na shinikizo la oili, valvu na springi. Tangu miaka ya 1980 shauri hilo lilianza kukabidhiwa kompyuta ndogo, nayo ndiyo moduli ya giaboksi. Moduli hupokea habari za mwendo wa gari, mzunguko wa shafti, ukanyagaji wa mafuta na joto la oili, huzipima, kisha hupeleka umeme kwa solenoidi, ambazo hufungua na kufunga njia za oili. Giaboksi ni mtumishi, na moduli ni bwana aamuruye. Bwana akiugua, mtumishi huonekana mvivu.

Tena magari haya yamewekewa hadhari. Utawala wa umeme ukiharibika, giaboksi hubaki katika gia moja, ili dereva aweze kufika nyumbani polepole bila ya kuvunja cho chote. Alichokiona mzee kuwa ni kifo kilikuwa ni kinga.

Bei ya giaboksi nyingine ilizidi akiba yake yote. Kwa hofu ya gharama, wala si kwa huruma ya mpwa, mzee alikubali fundi wa pili alitazame gari. Fundi huyo hakusema neno kwanza. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama na kukinusa: oili ilikuwa nyekundu, haina harufu ya kuungua, dalili kwamba klachi za ndani hazikuteketea. Alipima nguvu ya betri, akakagua fyuzi na waya zinazoshika bodi. Ndipo alipochomeka chombo cha kusomea makosa chini ya usukani. Mfumo wa namna hii ulilazimishwa kwa magari yaliyouzwa Marekani kuanzia toleo la 1996, na lugha yake ikaenea kwingi duniani.

Chombo kilionyesha namba mbili. Ya kwanza ilikuwa P0700. Mzee aliuliza kama hiyo ndiyo maana ya giaboksi kufa. Fundi alijibu kuwa namba hiyo yasema tu kwamba katika utawala wa giaboksi pana lalamiko. Ni baragumu, si hukumu ya kadhi. Ya pili ilikuwa P0613, nayo ilielekeza kidole kwa moduli yenyewe. Hata hapo fundi hakuharakisha, maana moduli nyingi hutupwa kwa makosa ya waya uliokatika. Alipima solenoidi moja moja, akaona zote zimo katika kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Alifuata waya kwa mkono na kwa mita, akaziona nzima. Mwisho alifungua ubao ulio chini ya dashibodi, upande wa abiria. Moduli ilikuwa hapo, na pini zake zimeota kutu ya kijani. Zulia lililo chini yake lilikuwa limelowa.

Fundi alichota maji, akayamwaga juu ya kioo cha mbele. Baada ya kitambo kidogo tone moja lilichungulia ndani kwenye pembe ya kioo, likateremka nyuma ya dashibodi.

Mzee akakumbuka. Kioo kile kilibadilishwa mwaka uliotangulia baada ya kupasuliwa na jiwe, naye alichagua kazi ya bei ndogo kabisa. Mara mbili kijana alimwambia, "Mjomba, zulia linalowa." Mara zote mbili alimjibu kuwa zulia haliendeshi gari. Neno lake lilikuwa kweli; lakini kilichokuwa juu ya zulia ndicho kilichoamuru mwendo wa gari.

Matengenezo yalifuata taratibu. Kwanza kioo kilitolewa na kupachikwa upya kwa gundi njema, kwa sababu kubadili moduli bila ya kuziba tundu ni kuiandalia ile mpya kifo cha ile ya zamani. Ncha hasi ya betri ilifunguliwa ndipo moduli ikachomolewa, na soketi ya waya zake ikasafishwa na kukaushwa. Moduli nyingine ilitafutwa katika spea za magari yaliyovunjwa, na namba yake ikalinganishwa tarakimu kwa tarakimu, kwa maana visanduku viwili vyaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa maagizo yaliyomo. Fundi hakugusa pini zake kwa vidole, kwani umeme mdogo wa mwili wa mtu waweza kuiharibu. Alipokwisha kuifunga aliiandikia kwa kompyuta programu iliyolingana na gari lile.

Juu ya hayo, gari liliondoka kwa kushtuka-shtuka. Mzee alifadhaika, fundi hakufadhaika. Moduli iliyoingia haikuijua bado giaboksi ile: kadiri ya uchakavu wa klachi zake, na wepesi wa oili yake. Ilipasa kujifunza. Fundi aliliendesha kwa upole, kusimama na kuondoka, barabara tambarare na penye mwinuko, mpaka gia zikapokezana bila ya kusikika.

Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko bei ya giaboksi. Mzee alimlipa fundi, lakini alijua kuwa deni moja limebaki. Alikwenda kwa miguu mpaka alikolala kijana, akamwomba warudi pamoja. Kwa kuwa shutuma ilitamkwa mbele ya majirani, aliona si haki toba inong'onwe chumbani. Aliwaita walewale, akashika ufunguo kwa mikono miwili, akasema, "Nilikuhukumu wewe kwa kosa langu mimi. Uliniambia, nami sikusikia."

"Yamekwisha, Mjomba," kijana alijibu, akaupokea.

Hayakwisha siku ile. Moduli iliizoea giaboksi kwa mwendo wa saa chache. Mjomba na mpwa walihitaji muda mrefu zaidi, na kwa siku nyingi salamu zao zilikuwa fupi. Lakini kila mvua iliponyesha, mzee alitoka kabla ya kijana kuondoka, akafungua mlango wa abiria, akainama, akaligusa zulia kwa mkono wake mwenyewe.