Sahani Yetu ya Kwanza

Leo hatuna gauni la kuwaonesha, tuna sahani ya santuri.

Mama alipomaliza eda ya baba, miezi minne na siku kumi, tulidhani ataanza kutoka. Hakutoka. Alikaa kwenye kiti cha baba, kimya, akitusikiliza sisi wanawe wawili tukishona chini. Siku moja akauliza, "Ile mashine ya baba yenu ya sahani ipo?" Mashine ipo, juu ya kabati. Sahani ndizo hazipo. Zilikaa pahala penye jua zikapinda kama chapati, tukazitupa wenyewe, baba yu hai. Hilo linatuuma mpaka leo.

Alikuwa anamtaka Abdel Halim Hafez. Baba alimpigia wiki ya harusi yao, na mama, ambaye Kiarabu chake ni cha msahafuni tu, nyimbo zake kazihifadhi.

Tukamwagiza binamu yetu aliyeko Muscat. Akauliza, "Mnataka ipi?" Kumbe nyimbo zake za mwisho ni ndefu. Qariat al-Fingan ya mwaka 1976, maneno ya Nizar Qabbani, wimbo mmoja unabidi ugeuze sahani katikati. Mama na magoti yake, nani atamgeuzia? Tukachagua mkusanyiko wa zile zilizopendwa zaidi, fupifupi za kwenye filamu. Wajuzi watatucheka, na wacheke.

Tulipokuwa tunaisubiri tukamsoma. Kazaliwa Misri 1929, kijijini. Mama yake kafa alipomzaa, baba naye akafuata, akalelewa na jamaa. Utotoni akapata kichocho kwa kuoga mferejini, na kichocho ndicho kilichomuua, London, 30 Machi 1977, ana miaka 47. Tulipomsomea mama akanyamaza, kisha akasema baba yetu naye akiwa mtoto Pemba alikuwa akikojoa damu. Miaka yote hatukuwahi kuambiwa.

Mashine nayo mkanda wake ulikuwa umeoza. Sisi mafundi wa cherehani tukajitia ujuzi, tukashona lastiki ya kiunoni. Kila kiungo cha mshono kikipita, sauti inayumba kama mlevi! Fundi redio akatutafutia mkanda wenyewe na sindano mpya. Akatuonya pia: gramafoni za zamani za kuzungusha kwa mkono msiziwekee sahani hizi za plastiki, sindano zake nzito zitazichimba.

Sahani ikaanza, mama akaweka kiganja juu ya meza, akawa anapiga vidole taratibu. Hakulia. Tulilia sisi, chini, juu ya satini ya mtu.

Ijumaa kaka yetu akaja, akaiona. Hakukaa. Akasema tunamchumia mama dhambi na baba yuko kaburini. Hatuwezi kusema anazua, wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamekataza ala za muziki, ingawa Ibn Hazm aliona vingine. Sisi si wa kuwaamulia. Mama akamwambia, "Mwanangu, unalosema nalijua tangu hujazaliwa. Ukija wewe nitaizima." Ikitoa adhana huizima pia, hilo hakuambiwa na mtu.

Bi harusi mmoja aliyekuja kupimwa aliisikia, sasa anataka kuanza zake nyumbani kwa mumewe. Tulimwambia aulize kwanza mume anapenda nini, kisha anunue moja tu, ya nyimbo wanazozijua wote wawili. Azisimamishe wima, asizilaze moja juu ya nyingine, azishike kwa ukingo, na jua lisizifikie. Hilo la jua tulilisema mara mbili.

Sasa tunazo tatu. Ijumaa mashine hufunikwa kanga. Kaka anaiona kanga, anajua kilichomo chini yake, na anakunywa chai.