Katwe, Mji wa Nyundo na Subira

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kampala, akaupita Mnara wa Saa na kuifuata barabara ya Entebbe, hana haja ya kuuliza Katwe iko wapi. Masikio yake yatamwambia. Huko nyundo hulia tangu asubuhi: hapa watu wanakunja mabati ya masanduku, pale wanaunga milango ya chuma, na mbele kidogo mashine za kukerezea zinanguruma. Wengi walilisikia jina la Katwe kwa ajili ya filamu ya mwaka 2016 iliyomhusu Phiona Mutesi, msichana mcheza sataranji. Lakini kwa wenye magari makuukuu, Katwe ni mji wa mafundi.

Ustadi huo una historia. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza watu wa asili ya Kiasia, ambao wengi wao walikuwa wafanyabiashara. Spea ziliadimika, na fundi aliyekosa chombo ilimbidi akifue mwenyewe.

Mimi nilifika huko kwa shida. Miezi minne kabla yake, gereji moja iliniwekea klachi mpya katika pikapu yangu, kisha ikaliacha giaboksi lining'inie kwa shafti yake. Pleti ikapinda. Tangu hapo gia zilikwaruza, na gari likatetemeka kila nilipotaka kuondoka. Siku hiyo nilikuwa na mama yangu mzazi, aliyetoka kutibiwa macho, nami nilimwahidi kumfikisha Masaka, kilomita zipatazo 130, kabla ya giza kuingia.

"Karibu, afande," alisema fundi mmoja mtu mzima, kwa kuwa nilimwamkia kwa Kiswahili. Nikamweleza kwamba mimi si askari, bali ni mtumishi wa ofisi. Akacheka. "Hapa kwetu, mzee, Kiswahili chako ndiyo sare yako."

Alifungua sanduku la bati akanionyesha vyombo vyake, na hakuna hata kimoja kilichonunuliwa dukani. Cha kwanza kilikuwa kipande cha shafti ya giaboksi bovu. Yafaa ieleweke kwamba pleti ya klachi hubanwa kati ya flaiwili na presha. Kabla ya bolti kukazwa, pleti hiyo huwa huru na huweza kushuka chini. Ikikazwa imeshuka, shafti haitaingia. Kipande kile huishika katikati hadi bolti zote zikazwe kidogo kidogo, kwa kukingamana. Asiye na shafti kuukuu huweza kuchonga kijiti kigumu, ncha yake itoshee beringi ndogo ya flaiwili, na unene wake utoshee tundu la pleti.

Cha pili kilikuwa bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa, na kutiwa mfuo kwa msumeno wa chuma ili zifunguliwe kwa bisibisi. Hizo hufungwa kwenye injini, na giaboksi huteleza juu yake hadi mahali pake bila kuning'inia. Cha tatu kilikuwa ubapa wa chuma wenye tundu upande mmoja, na upande wa pili umechongwa kwa tupa ushike meno ya flaiwili, isizunguke bolti zinapokazwa. Ama beringi ndogo, aliitoa kwa grisi tu: aliijaza tunduni, akatia fito lililobana sawasawa, akagonga. Grisi ilikosa pa kwenda, ikaisukuma beringi nje kutoka nyuma.

Vumbi la pleti kuukuu hakulipuliza. Alilipangusa kwa kitambaa chenye maji, maana baadhi ya pleti za zamani zina asbestosi, nayo huharibu mapafu.

Saa zilikuwa zinakwenda. Nilipomwona anapanga stendi alizounga kwa mabomba mazito, nilimsihi aziache, jeki yatosha. Hakunijibu. Alimaliza kuzipanga, ndipo akamruhusu kijana wake kuingia chini ya gari. Muda si muda, ile jeki ikaanza kuvuja mafuta. Gari likashuka upana wa kidole, likatua juu ya stendi. Kijana akatoka mzima, akijifuta grisi. Mimi sikuweza kuinua uso.

Tuliondoka jua limekwisha kuchwa, na gia zikaingia kama kisu katika siagi. Mama alifika Masaka usiku, akiwa amelala.

Ndugu msomaji, uwe dereva wa kikosi au baba mwenye gari moja la nyumbani, wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, chombo cha kujitengenezea hakina aibu. Lakini jeki peke yake haitoshi, na ahadi ya safari haina thamani ya kijana wa mtu.