Kabla hujapanda basi la Desemba

Mwanangu mpendwa,

Unauliza kama ugomvi wa baba yako na baba yako mdogo unakuhusu, wewe uliyekuwa bado mtoto ulipoanza. Unakuhusu sana. Wewe na watoto wa baba yako mdogo mnaishi wote Dar es Salaam, mnapishana misibani bila salamu, na hakuna kati yenu anayeweza kueleza nani alimkosea nani. Kidonda mmekirithi, kisa chake hamkijui.

Kisa ni kihamba, shamba la ukoo letu hapa Marangu. Kwa desturi yetu nyumba ya wazazi hubaki kwa kitinda mimba, na mkubwa hupewa sehemu yake mapema. Babu yako alipofariki, masale ya mpakani yaling'olewa usiku, yakapandwa hatua chache ndani. Nani aliyang'oa, atasema mwenyewe.

Kwa Mchagga isale ni alama ya mpaka, wazee waliipanda makaburini, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Aliyekosa hulifunga fundo akalituma kwa mtu wa kati anayeheshimika. Ukipelekewa isale, hata kama moyo unawaka, desturi haikuruhusu kuikataa. Ndiyo maana naiamini kuliko vikao vyote tulivyokaa: inampa mkosaji mlango, na aliyekosewa haufungi.

Desemba hii jani litapelekwa, kisha tutatambika. Mbege nitapika mwenyewe: ndizi mbivu zichemshwe, ziachwe siku kadhaa zichachuke, ndipo uongezwe uji wa ulezi na ukali wa gome la msesewe. Mkubwa wa ukoo atashika kata, atamimina kidogo kwenye masale ya makaburi, atawaita wazee kwa majina, mmoja mmoja, na kuwaeleza kilichotokea. Hapo ndipo pazito. Mtu huweza kulidanganya baraza la kata. Ni vigumu kusema uongo kwa sauti mbele ya kaburi la baba yako, ndugu wote wamesimama kwenye migomba wanakusikiliza. John Mbiti, Mkenya na mchungaji wa Kianglikana, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba marehemu wanaokumbukwa bado kwa majina ni wafu walio hai. Sisi tunaishi nao shambani.

Huyo rafiki anayekushauri ukapige ramli, usimsikilize. Ramli itakutajia mchawi, nawe utarudi na adui mpya ndani ya ukoo. Na usiogope kwamba ukitambika unamsaliti Mungu. Ruwa atakayeombwa pale ndiye tunayemtaja kanisani tukisali Kichagga.

Ila nisikufiche: machozi peke yake hayatanitosha. Aliyekosa atatoa mbuzi, na masale yatarudishwa pale babu yako alipoyapanda, mchana, vijana wote mkishika majembe. Nataka muujue mpaka kwa mikono yenu, asije mtu akawasimulia vingine sisi tukishaondoka.

Kata tiketi mapema, nauli za Moshi unazijua mwisho wa mwaka. Na kabla hujakata, mpigie binti wa baba yako mdogo, mwulize anasafiri siku gani, mje basi moja. Namba yake anayo mdogo wako.

Shangazi yako