Nyota za Tanga na sauti ya mama

POSTI YA 1



Wiki nzima hii nimeulizwa swali moja kwa sura tofauti. "Sista, mtoto halali mpaka nimwekee katuni kwenye simu, nifanyeje?" Jibu langu mnalijua: mwimbie. Na majibu yenu nayajua pia: "Mimi sina sauti," "Mimi sijui wimbo wowote."

Basi leo tutoke kidogo kwenye uji na chanjo. Nataka tuongee muziki. Na si muziki wa mbali, ni wa hapahapa kwetu. Maana wewe unayekaa Ngamiani, Makorora, Pangani au Muheza, ukaniambia hujui wimbo, mimi nacheka. Umezaliwa kwenye mkoa ambao nyimbo zake zilivuka mpaka zikaimbwa Mombasa na hata Burundi. Kaa na mwanao kifuani, nisome taratibu.

POSTI YA 2

Tuanze ng'ambo ya maji. Taarab tuliipokea kutoka Unguja, ambako klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Mwanzoni ilikuwa muziki wa mabwana, unaimbwa kwa Kiarabu, na wanawake walikuwa wasikilizaji tu.

Aliyeigeuza meza ni mwanamke wa kijijini, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, akarekodi santuri kwa Kiswahili. Hakwenda na kundi kubwa. Alikwenda na wenzake wachache tu wa udi, fidla na dufu. Aliyekuja kuandika maisha yake ni mtu wetu wa Tanga, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Kile kitabu cha *Wasifu wa Siti Binti Saad* ambacho wengine mlikisoma shuleni kwa kulazimishwa, kisomeni tena sasa mkiwa mama. Kinasomeka tofauti kabisa.

Naomba mshike hilo la watu wachache, maana ndiyo roho ya habari yenyewe. Baadaye Unguja walipanuka, wakafuata mtindo wa Misri: fidla zimepangwa safu, kanuni, kodiani, waitikiaji wengi. Muziki mtamu sana, sisemi kitu. Lakini Tanga tulipita njia nyingine.

POSTI YA 3

Miaka ya 1950 na 1960 Tanga ilikuwa mji wa mkonge, reli na bandari. Watu walikuja kutoka kila kona kufanya kazi mashambani. Ndiyo maana bendi moja ya dansi hapa mjini iliitwa Young Nyamwezi, ingawa Unyamwezi ni mbali sana kutoka hapa! Bendi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Jamhuri Jazz. Mahasimu wao walikuwa Atomic Jazz, na mji ukagawanyika kama mnavyogawanyika leo Simba na Yanga. Wilson na George Kinyonga, wale ndugu walioanzisha Simba Wanyika kule Kenya, walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kuondoka Tanga.

Sasa weka picha hii kichwani: mji uleule, barabara zilezile za Ngamiani, upande huu magitaa ya dansi, upande ule harusi yenye taarab. Vijana wanasikia vyote viwili. Ndipo inapotokea Black Star Musical Club, na baadaye kutoka ndani yake inazaliwa Lucky Star Musical Club.

Walichofanya ni kupunguza. Ile safu ndefu ya fidla hawakuwa nayo. Wakachukua gitaa na besi kutoka kwenye dansi, kinanda cha umeme, na ngoma. Mdundo wakauazima kwenye rumba na chachacha, mashairi yakabaki yaleyale ya pwani, ya mafumbo na vina. Kikundi kikawa kidogo, kinaingia uani kwenye nyumba ya watu, na katikati yake amesimama mwanamke anaimba.

Jambo hili si la Tanga peke yake. Buenos Aires, mji wa bandari kule Argentina, miaka ya 1920 tango yao ilishikwa na vikundi vya watu sita: bandoneoni mbili (ni ndugu yake kodiani), fidla mbili, piano na besi kubwa. Kijana mmoja, Julio de Caro, alikuwa na kikundi cha namna hiyo ambacho mpaka leo kinahesabiwa kuwa mfano. Watu sita hawawezi kujificha. Kila mmoja anasikika, kwa hiyo kila mmoja lazima amsikilize mwenzake na ajue lini anyamaze. Ukisikiliza Black Star za zamani utalisikia hilohilo: gitaa linasema neno lake, linapisha. Kinanda kinajibu, kinapisha. Mama anaimba.

POSTI YA 4

Na huyo mama ni nani? Walikuwepo kadhaa. Sharmila ni mmoja wao. Lakini jina ambalo bibi zenu wakilisikia wanaweka kikombe chini ni Shakila. Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliimba Black Star kisha Lucky Star. *Kifo cha Mahaba* ni wake. *Macho Yanacheka* ni wake. Na yeye huyohuyo ndiye aliyeimba *Viva Frelimo*, kuwaunga mkono ndugu zetu wa Msumbiji. Wale wanaosema taarab ni umbea tu, waende wakaisikilize hiyo.

Nyie kina dada wa leo hamuwezi kujua uzito wa mwanamke kusimama mbele ya watu akaimba enzi hizo. Kwenye harusi watu walimpenda, walimtunza pesa. Kutunza kwenyewe ni lugha: unainuka na noti yako ubeti fulani unapoimbwa, unapita karibu na yule unayemkusudia, na ujumbe umefika bila wewe kufungua mdomo. Mwanazuoni wa Marekani, Kelly Askew, alikaa Tanga miaka ya 1990 akapiga muziki na bendi za hapa, na kitabu chake cha mwaka 2002 kina maelezo marefu ya kutunza huko. Mambo ya uani kwetu yanasomwa vyuo vikuu!

Lakini kesho yake asubuhi, watu walewale waliomtunza, ukiwaambia mtoto wao wa kiume anamposa mwimbaji, nyuso zinabadilika. "Mwanamke wa ngomani huyo." Wengi walinyamazishwa hivyo, na majina yao hayapo kwenye santuri yoyote.

POSTI YA 5

Nimekutana na mmoja wao. Jina silitaji, na hospitali siitaji.

Kulikuwa na binti wa miaka kumi na tisa, amejifungua mtoto njiti, hajafika hata kilo moja na nusu. Tulimweka mtoto kifuani kwake ngozi kwa ngozi, mkao wa kangaruu mnaoujua kwenye posti zangu. Binti alikuwa anafanya yote tunayomwelekeza, lakini mtoto hamtazami. Anatazama ukuta. Sisi wauguzi tunaijua hali hiyo. Mama anaogopa kumpenda mtoto ambaye hana uhakika kama ataondoka naye. Nikamwambia, "Ongea naye mama, au mwimbie, sauti yako anaijua." Akasema, "Sina wimbo, sista."

Mama mkwe wake alikuwa ameleta uji. Mtu mzima, mpole, hajawahi kuongea zaidi ya kujibu salamu yangu. Akaweka chupa chini, akasogea, akaanza kuimba chinichini. Si wimbo wa kubembeleza mtoto. Taarab ya zamani, polepole, anavuta neno kama mtu anayelijua tangu utotoni. Wodi nzima ikanyamaza. Yule binti akageuza shingo, kwa mara ya kwanza naona anashangaa kitu.

"Mama, kumbe unaimba?"

"Niliimba. Nikaacha siku niliyoolewa. Baba yao hakutaka."

"Mbona hujawahi kusema?"

"Nani aliniuliza?"

Alirudi kila siku saa ya kuona wagonjwa. Alimfundisha mkwewe ubeti mmoja, wanauimba pamoja, huyu anakosea maneno, huyu anamsahihisha. Siku ya nne nilimkuta binti yuko peke yake, kidevu kimeinama, anamwimbia mwanawe huku anamtazama usoni.

Sasa mimi ni muuguzi, siwadanganyi. Wimbo haukuongeza gramu hata moja. Gramu ziliongezwa na maziwa ya mama, joto la kifua na dawa. Wimbo ulimrudisha mama kwa mtoto, na mama aliyerudi ananyonyesha kwa wakati, anaona mtoto akibadilika rangi, anaita nesi mapema.

POSTI YA 6

Wengi mnauliza kwa nini mtoto ajali sauti yako wakati hata maneno hayaelewi. Takribani kuanzia mwezi wa sita wa ujauzito, mtoto aliye tumboni anasikia, na sauti anayoisikia kuliko zote ni yako. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliwapa vichanga wa siku chache chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti: ukinyonya kwa mwendo huu unasikia sauti ya mama yako, kwa mwendo ule unasikia ya mwanamke mwingine. Vichanga wakabadilisha namna ya kunyonya ili wamsikie mama. Hawakuchagua aliye na sauti nzuri zaidi. Walimchagua wao.

Ndiyo maana nimewapitisha kwenye habari ya Black Star. Wale wazee walielewa kuwa sauti ya mtu ikitakiwa isikike, vitu vingine lazima vipishe. Leo shughuli zetu zina spika zimepangwa kama kabati, na katikati ya vumbi naona mama amebeba kichanga wa wiki sita. Jamani! Kipimo chepesi: kama unalazimika kupaza sauti ili aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, hapo si mahali pa mtoto mchanga. Msogeze mbali. Sikio likiharibika kwa kelele halirudi.

Na nyumbani ni hivyohivyo. Televisheni inaongea, simu inaongea, redio ya jirani inaongea, mama kanyamaza. Punguza vyombo, mama aimbe.

POSTI YA 7

Zile nyota ziliishia wapi? Wakati ule Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, wanamuziki walitegemea Kenya. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa, na njia hiyo ikawa ngumu. Bi Shakila baadaye aliingia JKT Taarab, bendi ya Jeshi la Kujenga Taifa, enzi zile ambapo taasisi za serikali ziliajiri wanamuziki. Kampuni ya London iitwayo GlobeStyle ilitoa albamu ya Black Star na Lucky Star mwaka 1989 kwa jina la *Nyota*, ndiyo maana leo unaweza kuzisikia kwa ubora mzuri. Taarab yenyewe ikaenda kwenye vinanda vikubwa na rusha roho. Bi Shakila alifariki Agosti 2016, jijini Dar es Salaam.

Yeye tunalo jina lake na sauti yake. Wale wengine, walioimba miaka miwili mitatu kisha wakaambiwa basi, wako majumbani mwenu. Ni bibi yako. Ni mama mkwe ambaye mnasalimiana tu asubuhi, shikamoo, marahaba, yamekwisha. Mimi nawaona wakiletwa na presha na sukari, na wengine hawarudi nyumbani. Wanaondoka na nyimbo ambazo hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii si ya kliniki:

Moja, muulize mtu mzima mmoja nyumbani kwenu, "Ulipokuwa msichana mlikuwa mnaimba nini?" Kisha nyamaza, usimkatize.

Mbili, akikubali, mrekodi kwa simu hiyohiyo ya katuni. Sema jina lake mwanzoni, na mahali alipozaliwa.

Tatu, jifunze ubeti mmoja tu. Mwimbie mwanao usiku, taa zimezimwa na simu iko mbali. Ukikosea maneno, yeye hajui.

Na nyie kina baba: mkeo akianza kuimba, usimwambie anyamaze.

Niandikieni chini hapa, nani ameimba nini kwenu. Wiki ijayo tunarudi kwenye homa ya manjano kwa vichanga, maana maswali ni mengi. Usiku mwema.